Unguja, Pemba, Tanga kwa ndege ndogo: kilomita ni zile zile, dakika ndio mtihani

ALHAMISI, Unguja kwenda Pemba

Shangazi amemaliza kliniki ya macho Mnazi Mmoja na kasema wazi boti hapandi. Mwezi wa nane huu, kusi inavuma kwelikweli, na yeye tangu ile meli ya Spice Islander izame Septemba 2011 akisikia mtu anataja mkondo wa Nungwi anatafuta tasbihi. Basi tumekata tiketi za ndege, yeye anarudi kwake Wete, mimi namfikisha halafu Jumapili naendelea Tanga kwenye harusi ya mtoto wa mjomba, Jumanne narudi Unguja. Nimeamua kuandika kila muda kwenye simu maana watu wakiulizwa Pemba ni muda gani kwa ndege mmoja anakwambia nusu saa, mwengine anakwambia asubuhi nzima imekwenda, na wote hawajasema uongo.

Tumetoka Fuoni saa kumi na mbili na robo asubuhi. Tiketi imeandikwa 0830 na shangazi kaisoma saa nane na nusu, akataka kurudi kulala, ikabidi nimuoneshe saa ya ukutani kwamba ni saa mbili na nusu hii hii ya asubuhi. Saa moja kasoro dakika kumi tuko uwanjani Kiembe Samaki, upande wa safari za ndani, sio lile jengo jipya la Terminali 3 wanaposhukia watalii.

Sasa mizani. Ndege zinazokwenda Pemba nyingi ni hizi Cessna Caravan, injini moja, abiria kumi na kitu, na ruhusa ya mzigo kwa kawaida ni kilo 15 mtu mmoja, begi na mkoba wa mkononi vyote ndani. Na sio begi tu, na wewe unapanda juu. Shangazi akagoma: "Kilo zangu mimi za nini kuwatangazia watu?" Dada wa kaunta kajibu kwa adabu zake, "Njoo bibi, nasoma kimoyomoyo." Akapanda huku kainamisha uso. Nikamueleza kwamba ndege ndogo ina uzito wake wa mwisho, humo ndani hesabu ya mafuta, watu na makapu inakuwa moja, na rubani lazima ajue nani akae mbele nani nyuma ili ndege isilemee mkia. Kaniangalia tu. Kapu lake la boflo na halua lilikuwa limepita, hayo mengine hayakumuhusu.

Mimi nikapewa kiti cha mbele kulia, ubavuni kwa rubani. Rubani alikuwa peke yake siku hiyo na ndege imejaa, kwa hiyo kile kiti akapewa abiria, na wallahi kama unataka kuelewa hizi habari za umbali na muda kiombee kiti hicho, kila kitu kiko mbele ya macho yako.

Injini imewaka saa mbili na dakika 38. Magurudumu yameacha ardhi saa mbili na dakika 47. Hizo dakika tisa ni za kuzunguka chini, kukagua injini, kusubiri ndege kubwa itue, na hakuna tovuti inayokuhesabia.

Kitu cha kwanza nilichoshangaa, tumerukia kusini. Pemba iko kaskazini-mashariki, sisi tunaelekea Dar. Rubani kanicheka usoni. Ndege inaruka ikikabili upepo na inatua ikikabili upepo, na njia ya kurukia ya Unguja imelala kusini kwa kaskazini, kwa hiyo wakati wa kusi unaruka kuelekea kusini kwanza kisha unageuza nyuma. Hapo dakika mbili tatu zimeshakwenda na bado hujaanza safari.

Tulipogeuka kioo cha ramani kikaonesha 67. Mimi simu yangu usiku ilinambia kilomita 125. Hakuna ugomvi, marubani wanahesabu kwa maili za baharini kama manahodha, maili moja ni kilomita 1.852, zidisha mwenyewe utaona zinakutana. Chini ya hiyo 67 kulikuwa na namba mbili za mwendo zilizonipa raha zaidi: mwendo wa ndege ndani ya hewa noti 155, yaani maili za baharini kwa saa, mwendo wake juu ya ardhi noti 170. Zile 15 za tofauti ni kusi inatusukuma mgongoni bure. Rubani anasema kuna siku inasukuma zaidi ya hapo, na ndio ukiirudia safari unailipa.

Tukakaa futi 5,500. Nikauliza kwa nini na nusu, kwa nini isiwe elfu tano kamili. Kumbe ni utaratibu wa ndege zinazoruka rubani akitegemea macho: anayeelekea upande wa mashariki anashika elfu za witiri na mia tano juu yake, 3,500 au 5,500, anayeelekea upande wa magharibi anashika za shufwa, 4,500 au 6,500, ndio mnapishana bila kukutana uso kwa uso. Hiyo nimeipenda sana, nimemsimulia kila mtu mpaka shangazi kaniambia basi.

Mstari ukiunyoosha kutoka uwanja wa Unguja mpaka wa Pemba unakatiza mashamba ya katikati, unatoka ufukweni pale Kiwengwa na Pwani Mchangani, Mnemba inabaki kushoto, Nungwi mbali zaidi kushoto. Pale maji ya pwani yanapokwisha bahari inabadilika rangi ghafla, kijani kinakatika inakuja buluu nzito, maana Unguja imekaa kwenye maji ya kina kidogo yanayoungana na bara lakini Pemba imezungukwa na kilindi. Kisha kama dakika kumi hakuna kitu ila maji na mapovu meupe ya kusi, boti moja tu nimeiona chini inavyopigwa, na hapo shangazi alikuwa ameshasinzia.

Nchi ya Pemba inaanzia kusini kule upande wa Kengeja, Mkoani iko kushoto kwako, halafu vilima na mikarafuu mpaka Chake Chake, uliko uwanja. Nikajua tunatua moja kwa moja, kumbe hapana. Njia ya Pemba imelala takriban mwelekeo ule ule tuliokuja nao, kwa hiyo ungetegemea uingie tu kama unaingia mlangoni, lakini upepo uko nyuma yetu, ikabidi tuipite, tuzunguke, tutue tukiangalia tulikotoka. Upepo uliotupa dakika Mnemba umezidai Chake.

Tumegusa ardhi saa tatu na dakika 16. Dakika 29 za hewani kwa kilomita 125. Mabegi mkononi saa tatu na dakika 32, gari tuliyoikodi, chai na vitumbua Chake kwa sababu shangazi hawezi kupita Chake bila chai, na barabara ya Wete kama kilomita 30. Mlangoni kwake saa nne na dakika 35. Yaani kutoka mlango wa Fuoni mpaka mlango wa Wete ni masaa manne na dakika 20, ndege yenyewe imechukua dakika 29.

IJUMAA, Wete

Hakuna safari leo. Swala, biriani, usingizi. Karafuu zimeanza kuanikwa kwenye majamvi mbele ya nyumba na harufu inakuingia mpaka kwenye mto wa kulalia.

JUMAMOSI, Wete

Kapiga simu mtoto wa dada yangu aliyeko Muscat, anataka kuja Desemba. "Mjomba, mbona Pemba imekuwa mbali hivyo, naambiwa kutoka Unguja ni kilomita mia saba na sitini?" Nikamwambia hebu soma herufi tatu za uwanja. Kasoma POL. Hiyo ni Pemba ya Msumbiji baba, iko kusini kabisa, yetu sisi ni PMA, na Unguja ni ZNZ. Kwenye hizi tovuti ukiandika Pemba tu inaweza kukuletea ile ya Msumbiji kwanza na haikuulizi. Sasa fikiria mtu akikata tiketi kwa kuangalia jina tu.

Akaingiza PMA, kilomita zikaja sawa, 125, lakini muda ukaja dakika 39. Kanidaka hapo hapo, "mbona wewe umesema 29?" Mimi nilikuwa nishaifikiria hii. Baadhi ya hizo programu hazijui ndege gani inaruka, zinachukua umbali zinaugawa kwa mwendo wa jeti kubwa, kilomita 800 na kitu kwa saa, halafu zinaongeza nusu saa ya kupaa na kushuka. Kilomita 125 kwa mwendo huo ni dakika tisa, weka 30 juu, 39 hiyo hapo. Jibu halikukaa mbali sana na ukweli lakini njia yote ni ya kubahatisha, kwa sababu Caravan haijawahi kwenda kilomita 800 kwa saa hata ikidondoka. Na hata ungeleta ndege kubwa safari fupi namna hii haiipi nafasi, kabla haijafika juu na kukolea mwendo inatakiwa kushuka. Ndio maana Dar na Unguja, kilomita kama 73 tu, ukipanda ndogo ukipanda kubwa hukai hewani zaidi ya robo saa au dakika ishirini, tofauti iko kwenye foleni za chini.

Mtoto wa mwisho wa shangazi yuko kidato cha pili, alikuwa anatusikiliza barazani, kasema hesabu hiyo si mpaka intaneti. Kweli. Uwanja wa Unguja uko nyuzi 6.22 kusini na 39.22 mashariki, wa Pemba 5.26 kusini na 39.81 mashariki. Nyuzi moja ya kwenda kaskazini ni maili 60 za baharini, na huku kwetu karibu na ikweta nyuzi ya mashariki nayo inakaribia hapo hapo. Akatoa: kaskazini maili 58, mashariki maili 35. Pembetatu ya mraba, kipeuo cha pili, akapata 67 na nukta zake. Kwa kalamu, juu ya bahasha ya harusi. Shangazi kaniuliza huyu si atakuwa rubani, nikasema inshallah, ila kwanza apandishwe mizani.

Kwa safari ndefu hesabu hiyo haitoshi, dunia ni duara na mstari mfupi unapinda juu ya ramani, Unguja mpaka Muscat ni kama kilomita 3,900 na huwezi kuipata kwa pembetatu ya skuli. Lakini visiwani kwetu inatosha kabisa.

JUMAPILI, Pemba kwenda Tanga

Shangazi kanisindikiza mpaka barabarani na mfuko wa ndizi mbivu, nikamuomba radhi, kilo 15 zimejaa kanzu na zawadi za bibi harusi. Kanuna kidogo. Ndizi mbili nimekula pale pale mbele yake ndio kanisamehe.

Umbali wa leo ni kilomita 84, maili 45. Ndege imerukia upande wa kusini-magharibi, ikakata kulia, tukatoka juu ya ghuba ya Chake na kile kisiwa cha Misali. Baada ya hapo ni mkondo wa Pemba, kilindi chenyewe, mamia ya mita kwenda chini. Jirani yangu wa kiti, mvuvi wa Tanga aliyekuja kumuona mkwewe, akanambia huko chini upande wao ndiko anakoishi yule samaki wa zamani, silikanti, wanaingia kwenye nyavu za kina kirefu, na serikali ikaifanya sehemu ya pwani yao hifadhi mwaka 2009. Anasema nyama yake haifai, ina mafuta mafuta. Nimemuamini, sina haja ya kuonja.

Upepo leo unatupiga ubavuni, hausukumi wala hauzuii sana, ila unaona pua ya ndege imeelekea kushoto kidogo huku sisi tunakwenda mbele, kama kaa. Dakika 22 hewani. Mtu wa Wete anaiona milima ya Usambara siku ikiwa nyeupe, anadhani Tanga iko pale tu, na kwa kweli iko pale tu: Tanga iko karibu na Pemba kuliko Unguja ilivyo karibu na Pemba. Watu wengi hawalifikirii hili.

Kitu chengine nilichokigundua jana na ile kalamu ya mtoto: uwanja wa Tanga mpaka wa Unguja ni kilomita kama 126. Pemba mpaka Unguja 125. Yaani ukikaa Unguja, viwanja vyote viwili viko umbali mmoja, kimoja kulia kimoja kushoto.

JUMATATU, Tanga

Harusi Ngamiani. Sikuandika kitu. Tarabu mpaka usiku mkubwa na miguu haijapona.

JUMANNE, Tanga kurudi Unguja

Tiketi imeandikwa Tanga kwenda Zanzibar, basi. Haikuandika inapitia wapi. Nilipofika kaunta ndio nikaambiwa tunapita Pemba kwanza kuteremsha watu wanne na kuchukua wengine. Mama mmoja alikuwa na miadi ya daktari mjini akaanza kulalamika, na ana haki, maana kwa mstari ulionyooka ni kilomita 126, ukishuka sawa na pwani ya Pangani halafu Tumbatu, lakini kwa kupitia Pemba ni 84 jumlisha 125, unapata 209. Hawa wa ndege ndogo wanafanya kama daladala za shamba, wanazunguka kukusanya watu, na bila hivyo ndege isingejaa na bei ingetushinda, hilo nalo tulikubali. Lakini waandike kwenye tiketi, neno moja tu, kupitia Pemba. Kukata tiketi bila kuuliza kama ndege ina kituo ndiko kunakowapotezea watu muda kuliko upepo wote wa kusi.

Saa nne na dakika 5 tumeruka Tanga. Dakika 23 mpaka Pemba. Chini dakika 17, injini imezimwa, joto la kuchemka, mlango wazi, sisi wa Unguja tumebaki vitini. Nikampigia shangazi kwamba niko Chake, kasema nishuke nichukue ndizi zangu.

Halafu mguu wa mwisho, ule ule wa Alhamisi lakini kinyume. Tumeruka tukielekea tunakokwenda, hakuna kugeuka, safi. Futi 4,500 leo, shufwa na nusu. Sikupata kiti cha mbele ila nilikaa nyuma ya rubani nikachungulia begani kwake: mwendo ndani ya hewa noti 155, juu ya ardhi 139. Ile kusi ya Alhamisi imekuja kuchukua chake. Ndege inarushwa rushwa kidogo, mtoto mmoja katapika, mama yake kaomba radhi ndege nzima. Dakika 33. Ingekuwa zaidi lakini Unguja tumeingia kutoka kaskazini tukatua tukiangalia kusini moja kwa moja, bila kuzunguka, ndio tukaokoa dakika mbili tatu. Tumegusa ardhi saa tano na dakika 18.

Jumla kutoka Tanga kuruka mpaka Unguja kutua ni dakika 73. Kwa mstari ulionyooka, na upepo huu huu wa mbele, ingekuwa dakika 33 au 35. Yule mama wa daktari kashuka mbio, sijui kama kawahi. Mimi nimechukua daladala ya 505 pale nje, nina mabegi na sina haraka.

Usiku nimemtumia yule wa Muscat maelezo yake, nayaweka hapa yasipotee. Desemba sio kusi tena ni kaskazi, kwa hiyo kila kitu geuza: kwenda Pemba upepo uko usoni, mwendo utapungua, lakini mtaruka kuelekea kaskazini na mtatua Chake bila kuzunguka, hesabu nusu saa vile vile. Kurudi utasukumwa. Kaa kushoto ukienda uione Mnemba. Muscat mpaka Unguja ni masaa matano na nusu hivi na saa zetu ziko nyuma ya zao kwa saa moja, usije ukapanga kwa saa ya mkononi ya huko. Ukishuka Terminali 3 kuna foleni ya uhamiaji, kuna mabegi, na jengo la ndani ni jengo jengine, kwa hiyo ndege ya Pemba usiikate chini ya masaa matatu baada ya kutua. Uliza kama inakwenda moja kwa moja. Na angalia herufi ni PMA. Kilo 15, begi laini, sio yale masanduku ya gamba gumu mnayonunua huko.

Kanijibu na suali moja tu, kama TV ya inchi hamsini na tano inapita kwenye mizani. Nimemwambia TV ipande meli mpaka Mkoani, yeye apande ndege.